Fahamu Jinsi Nyenzo za Nyuklia Zinavyofuatiliwa kwa Mbali na Nafasi ya Mwananchi katika Ulinzi Wake

Na Mwandishi Wetu, Tunguu

Mhandisi wa barabara anapotaka kujua kama udongo umeshindiliwa vya kutosha na una unyevu kiasi gani, mara nyingi hutumia kifaa chenye ukubwa wa sanduku dogo la zana. Fundi hukiweka juu ya tabaka la kifusi, husubiri kwa muda mfupi, kisha husoma majibu. Ndani ya kifaa cha aina hiyo kwa kawaida mna vyanzo viwili vya mionzi: kimoja ni cha sesiamu-137, na kingine ni cha amerisiamu-241 iliyochanganywa na beriliamu. Chanzo hicho cha pili, ambacho ni kidogo kiasi cha kushikika kwa vidole viwili, hurusha makumi ya maelfu ya nyutroni kila sekunde, mchana na usiku, kiwe kazini au kiwe kimefungiwa stoo.

Amerisiamu-241 huchukua takriban miaka 432 kupunguza nguvu zake kwa nusu. Hii ina maana kwamba kifaa kinachotumika leo kupima barabara kitaendelea kutoa mionzi baada ya barabara hiyo kuchakaa, baada ya mkandarasi kufunga ofisi yake, na baada ya karatasi zake kupotea. Kwa sababu hiyo, suala la msingi katika ulinzi wa nyenzo za nyuklia na vyanzo vya mionzi ni kujua wakati wote kilichopo, kiasi chake, mahali kilipo na mtu anayewajibika nacho.

Makala haya yanaeleza jinsi vifaa vya kugundua nyutroni, vikiunganishwa kwa mtandao, vinavyosaidia kulijibu suala hilo kutoka mbali. Mahali vinapoishia uwezo wake. Na kwa nini jambo hilo linawahusu wakaazi wa kisiwa chenye bandari, ujenzi wa barabara na utafutaji wa mafuta na gesi.

Nyutroni na sababu ya kuzifuatilia

Kila atomu ina kiini, na ndani ya kiini mna chembe za aina mbili, protoni na nyutroni. Nyutroni, iliyogunduliwa na mwanasayansi James Chadwick nchini Uingereza mwaka 1932, haina chaji ya umeme. Kwa kuwa haivutwi wala haisukumwi na chaji za atomu nyingine, hupenya vitu vizito kwa urahisi. Ukuta wa risasi unaoweza kupunguza sana mionzi ya gama hauizuii nyutroni kwa kiasi hicho hicho.

Vitu vingi vya kawaida hutoa mionzi kidogo ya gama. Vigae, mawe ya matale, mbolea yenye potasi na hata ndizi vina chembechembe asilia za mionzi, na kontena lililojaa bidhaa hizo linaweza kuvifanya vifaa vya bandarini vitoe tahadhari pasipo hatari yoyote. Nyutroni, kinyume chake, ni adimu katika mazingira ya kila siku. Zilizopo hutokana zaidi na miale inayotoka angani, nazo karibu na usawa wa bahari ni kiasi cha mia moja na kitu tu kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Kifaa kikihesabu nyutroni nyingi kuliko kiwango hicho, sababu zinazowezekana ni chache, na takriban zote zinahitaji kuchunguzwa.

Nyenzo zenyewe zinatofautiana sana. Kilo moja ya plutoniamu-240 hutoa zaidi ya nyutroni milioni moja kila sekunde bila kuguswa na chochote. Kilo moja ya urani-238, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya urani inayochimbwa ardhini, hutoa nyutroni zipatazo 14 tu kwa sekunde. Kilo moja ya urani-235, ile inayohitajika katika vinu na silaha, haifikishi hata nyutroni moja kwa sekunde. Tofauti hiyo ni muhimu, kwani inaonesha mapema kwamba kifaa cha nyutroni hakiwezi kufanya kazi yote peke yake.

Jinsi kifaa kinavyohesabu

Kwa kuwa nyutroni haina chaji, hakuna waya unaoweza kuihisi moja kwa moja. Kwanza ni lazima ipunguzwe mwendo. Anayejua mchezo wa gololi anajua kwamba gololi ikigonga jiwe kubwa hurudi kwa kasi karibu ile ile, lakini ikigonga gololi nyingine ya ukubwa wake huipa mwenzake sehemu kubwa ya mwendo wake. Kiini cha haidrojeni kina uzito unaokaribiana sana na wa nyutroni. Kwa hiyo, vifaa vya kugundua nyutroni huzungushiwa plastiki nzito yenye haidrojeni nyingi, na nyutroni hupungua kasi kadiri zinavyogongana na viini hivyo.

Ndani ya plastiki huwekwa bomba la chuma lililojazwa gesi iitwayo heliamu-3. Nyutroni iliyopungua kasi ikimezwa na kiini cha heliamu-3, kiini hicho hugawanyika kuwa vipande viwili vyenye chaji ya umeme. Vipande hivyo hupita katika gesi vikiacha nyuma yao elektroni, na waya uliopo katikati ya bomba, wenye umeme wa volti nyingi, huzikusanya elektroni hizo. Mshituko mdogo wa umeme hutokea, na mashine huhesabu moja.

Ni kanuni hiyo hiyo inayotumika katika kile kifaa cha barabarani. Nyutroni huingia ardhini, hupunguzwa kasi na haidrojeni iliyomo katika maji, na kadiri udongo ulivyo na maji mengi ndivyo nyutroni nyingi zaidi zilizopungua kasi zinavyorudi na kuhesabiwa.

Heliamu-3 haipatikani kwa wingi. Sehemu kubwa hutokana na tritiamu iliyotengenezwa kwa ajili ya mipango ya silaha za mataifa makubwa, nayo tritiamu hugeuka kuwa heliamu-3 polepole, nusu yake kila baada ya miaka 12 na kitu. Kuanzia takriban mwaka 2008 mahitaji ya dunia yalizidi akiba, bei ikapanda, na watengenezaji wakalazimika kutumia njia nyingine, zikiwemo mabomba yaliyopakwa boroni-10 ndani na vioo vyenye lithiamu-6. Mabadiliko hayo yamefungua njia ya kuwa na vifaa vidogo na vyepesi zaidi.

Mtandao unaongeza nini

Kifaa kimoja hueleza kwamba nyutroni zimeongezeka. Hakielezi kwa uhakika zinatoka upande gani, wala kama chanzo kinasogea au kimetulia. Umbali nao hupunguza ishara kwa haraka: ukienda mbali mara mbili, nyutroni zinazokifikia kifaa hubaki robo, ukienda mbali mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa.

Vifaa vingi vikiunganishwa, kila kimoja kikiwa na saa inayolingana na wenzake na mahali pake pakijulikana, hesabu ndogo zinazoonekana kuwa za kubahatisha huanza kueleweka. Ongezeko dogo katika kifaa cha kwanza, likifuatiwa na ongezeko katika cha pili na kisha cha tatu, huonesha njia na mwendo wa gari lililobeba chanzo. Mwaka 2016 nchini Marekani lilifanyika jaribio mjini Washington ambapo watu wa kujitolea walitembea wakiwa na vifaa vidogo vipatavyo 1,000, kila kimoja kikituma vipimo vyake katika kituo kimoja kwa njia ya simu za mkononi.

Matumizi ya muda mrefu zaidi ni yale ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu, IAEA, lenye makao makuu Vienna, Austria. Wakaguzi wake hawawezi kukaa katika kila ghala la nyenzo za nyuklia duniani kwa mwaka mzima. Badala yake, katika maeneo mengi huacha vifaa vya kuhesabu nyutroni na gama, kamera na lakiri za kielektroniki. Vifaa hivyo hufanya kazi bila mtu. Kila kipimo huwekewa alama ya muda na saini ya kidijitali inayoonesha kama kimechezewa, kisha huandikwa kwa fumbo na kutumwa Vienna. Kamera ikionesha mlango umefunguliwa ilhali hesabu ya nyutroni haikubadilika, mkaguzi ana maelezo ya kutosha kujua kama nyenzo zimetoka au hazikutoka.

Manufaa yake ni mawili. Wakaguzi hupunguziwa safari na mionzi, na mwenye kituo hupunguziwa usumbufu wa shughuli zake kusimamishwa mara kwa mara. Zaidi ya hayo, muda unaopita kati ya kupotea kwa kitu na kugundulika kwamba kimepotea hupungua.

Mtandao unapokatika

Mfumo unaotegemea mawasiliano una udhaifu wa mawasiliano. Tarehe 8 Machi 2022, wiki mbili baada ya kituo cha Chernobyl nchini Ukraine kuingia mikononi mwa majeshi ya Urusi, IAEA ilitangaza kwamba imepoteza mawasiliano na mifumo yake ya ufuatiliaji iliyopo kituoni hapo. Vipimo havikufika tena Vienna. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo wataalamu wa Shirika walifika kituoni, na miongoni mwa kazi zao ilikuwa kushughulikia mifumo hiyo.

Fundisho lake ni la kiufundi na ni rahisi kulieleza. Kifaa cha ufuatiliaji wa mbali ni lazima kiwe na kumbukumbu yake chenyewe na betri zake chenyewe, ili mtandao au umeme ukikatika kiendelee kupima na kuhifadhi, na mawasiliano yakirudi kitume kilichokusanywa. Wakaazi wa Unguja hawahitaji kuelezwa sana umuhimu wa jambo hilo. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikosa umeme wa gridi kwa miezi mitatu kutokana na hitilafu katika njia ya umeme kutoka Tanzania Bara. Chombo chochote cha ulinzi kinachofungwa kisiwani kinapaswa kununuliwa kwa kuzingatia uwezekano wa aina hiyo.

Wajibu wa Tanzania

Tanzania haina kinu cha nyuklia. Hata hivyo, ina wajibu wa kisheria na wa kimataifa juu ya nyenzo za nyuklia na vyanzo vya mionzi. Ilijiunga na IAEA mwaka 1976, na mwaka 1991 iliingia katika Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia. Mwaka 2005 makubaliano yake na IAEA kuhusu ukaguzi wa nyenzo za nyuklia yalianza kutumika, pamoja na Itifaki ya Ziada inayowapa wakaguzi nafasi pana zaidi ya kupata taarifa na kufika katika maeneo.

Ndani ya nchi, usimamizi uko chini ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC, iliyoundwa kwa Sheria ya Nguvu za Atomu Namba 7 ya mwaka 2003, ikichukua nafasi ya Tume ya Taifa ya Mionzi iliyoanzishwa mwaka 1983. Tume hufanya kazi zake katika pande zote mbili za Muungano, na kwa upande wa Zanzibar ina ofisi na maabara Dunga Zuze, katika Wilaya ya Kati, wilaya ambayo Tunguu imo. Kuingiza nchini, kumiliki, kutumia, kusafirisha au kutupa chanzo cha mionzi kunahitaji kibali.

Dar es Salaam nako kuna kituo cha kupima chembechembe za mionzi angani, chenye namba RN64, kilicho sehemu ya mtandao wa dunia wa kufuatilia utekelezaji wa mkataba unaopiga marufuku majaribio ya silaha za nyuklia. Mtandao huo umepangwa kuwa na vituo 321 na maabara 16. Kituo cha Dar es Salaam hakihesabu nyutroni. Hunasa vumbi la hewani kwenye kichujio na kupima mionzi yake ya gama. Lakini utaratibu wake ni ule ule: kipimo hufanyika hapa, matokeo hutumwa Vienna, na wataalamu huyalinganisha na ya vituo vingine kabla ya kutoa hitimisho.

Wajibu huo umeongezeka uzito kutokana na urani iliyopo Mto Mkuju, Wilaya ya Namtumbo, Mkoa wa Ruvuma, ambako mwezi Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mtambo wa majaribio wa kuchakata madini hayo. Urani ghafi haitoi nyutroni nyingi na haiwezi kutumika moja kwa moja katika kinu au silaha. Hata hivyo, ni chanzo cha mnyororo mzima, na nchi inayoisafirisha hutakiwa kutoa taarifa ya kiasi na mahali inapokwenda. Afrika inaijua historia ya madini hayo: urani ya Shinkolobwe, katika Katanga, ilitumika katika mradi uliotengeneza mabomu ya mwaka 1945.

Kwa nini Unguja ihusike

Zanzibar haina urani inayochimbwa, lakini ina njia ambazo vyanzo vya mionzi hupita. Ya kwanza ni bandari, inayopokea bidhaa, mitambo iliyotumika na vyuma. Ya pili ni ujenzi wa barabara na majengo, unaoweza kutumia vifaa vya aina iliyoelezwa mwanzoni. Ya tatu ni mafuta na gesi. Mwezi Oktoba 2018 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitia saini mkataba wa mgawanyo wa uzalishaji katika kitalu cha Pemba-Zanzibar. Duniani kote, wachimbaji wa visima vya mafuta hutumia vyanzo vya amerisiamu na beriliamu kupima miamba chini ya ardhi, na vyanzo hivyo vinaweza kuwa na nguvu mara mia kadhaa kuliko vile vya vifaa vya barabarani.

Kwa upande mwingine, Tunguu ni makao ya kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Kuendesha vifaa vya ufuatiliaji kunahitaji watu wanaoelewa fizikia, elektroniki na mawasiliano ya kompyuta, na wanaoweza kutofautisha ongezeko la kawaida na ongezeko linalopaswa kufuatiliwa. Kifaa kilichonunuliwa bila mtu wa kukisoma, kukipima usahihi wake kila kipindi na kujibu tahadhari zake hakiongezi ulinzi wowote.

Mipaka ya vifaa

Mwananchi anapaswa pia kujua kile ambacho vifaa hivi haviwezi. Kwanza, kama ilivyoelezwa, urani iliyorutubishwa hutoa nyutroni chache mno. Kwa hiyo vipimo vya gama, kamera, lakiri na uhakiki wa nyaraka vinahitajika sambamba. Pili, nyutroni zinaweza kuzuiwa kwa maji au plastiki nyingi yenye boroni. Hata hivyo, kufanya hivyo kunahitaji mzigo mkubwa, ambao nao huonekana katika mashine za kupekulia makontena. Tatu, vyanzo vingi vya hatari kwa afya, vikiwemo vya sesiamu na kobalti, hutoa gama na si nyutroni.

Nne, hakuna mtandao unaoziba pengo la kumbukumbu. Mwezi Januari 2023 nchini Australia, kidonge cha sesiamu-137 chenye urefu wa milimita 8 kilidondoka kutoka kwenye gari katika safari ya kilomita zipatazo 1,400. Kilipatikana tarehe 1 Februari kando ya barabara, kwa gari lenye vifaa vya kupima mionzi. Vifaa vilifanikiwa kwa sababu kulikuwa na kumbukumbu ya kitu kilichopotea na njia kilikopitia.

Mjini Goiânia, Brazil, mwaka 1987, hali ilikuwa tofauti. Mashine ya tiba ya mionzi iliachwa katika jengo lililohamwa. Watu waliokuwa wakitafuta vyuma chakavu waliichukua na kuivunja, na unga wa sesiamu-137 uliokuwa ukitoa mwanga wa bluu ukagawanywa kwa jamaa na majirani. Watu 4 walifariki, 249 walikutwa na mabaki ya mionzi mwilini au kwenye nguo, na zaidi ya 112,000 walilazimika kupimwa. Hapakuwa na kifaa kilichotoa tahadhari. Aliyegundua kwamba kitu kile kilikuwa kikiwaumiza watu alikuwa mama wa nyumbani, aliyekipeleka kwa wahudumu wa afya, naye ni miongoni mwa wale wanne waliofariki.

Tangu mwaka 1993 hifadhi ya taarifa ya IAEA imepokea kutoka kwa nchi wanachama zaidi ya matukio 4,000 ya nyenzo za nyuklia na vyanzo vya mionzi vilivyopotea, kuibwa au kukutwa nje ya udhibiti. Mengi hayakuwa na nia ya uhalifu wa kutumia mionzi. Yalitokana na uzembe, wizi wa vyuma, au vifaa vilivyosahauliwa.

Mwananchi afanye nini

Alama ya mionzi ni duara dogo lenye mabawa matatu, kwa kawaida jeusi kwenye rangi ya njano. Mwaka 2007 iliongezwa alama nyingine kwa vyanzo vya hatari zaidi: pembetatu nyekundu yenye mabawa yanayotoa miale, fuvu la kichwa na mtu anayekimbia.

Anayekuta chombo chenye alama hizo, au kipande cha chuma kizito kisichojulikana, hasa miongoni mwa vyuma chakavu, asikiguse, asikifungue na asikibebe kwenda nacho kituoni. Ajitenge nacho mbali, kwani umbali ndio kinga ya kwanza na ya haraka zaidi. Awazuie watoto na watu wengine kusogea, akumbuke mahali kilipo, kisha atoe taarifa kwa Sheha wa shehia yake au kituo cha Polisi kilicho karibu, ili TAEC ijulishwe. Aliyekwisha kukishika anawe mikono kwa maji na sabuni, asile wala kunywa kabla ya kunawa, na aeleze ukweli wote kwa mhudumu wa afya.

Wakandarasi, hospitali, kampuni za utafiti wa ardhi na wafanyabiashara wa vyuma chakavu wanaomiliki au kuhifadhi vifaa vyenye vyanzo vya mionzi, hata kama havitumiki tena, wanapaswa kuhakikisha vimesajiliwa na vina kibali kilicho hai. Anayekusudia kufunga shughuli zake au kuuza mitambo yake aijulishe Tume kwanza, kupitia ofisi ya Dunga Zuze kwa walioko Zanzibar, ili chanzo kiondolewe au kikabidhiwe kwa mmiliki mpya kwa maandishi.